Kijana Wetu wa Mwanza na Deni la Simu: Hukumu ya Ovadrafti na Njia ya Kulipa

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Mzee mmoja wa Pemba alinipigia simu baada ya Swala ya Isha akiwa na jambo lililomkosesha usingizi. Mwanawe alikwenda Mwanza kusoma chuo, akamaliza, ajira hakupata, akabaki huko huko kufanya biashara ya dagaa. Hununua katika Soko la Mwaloni, Kirumba, akawatumia wateja wa Dar es Salaam na wa huku kwetu Unguja. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri, na kila mwisho wa mwezi alituma kitu nyumbani. Mwaka huu fedha zikaanza kuchelewa, kisha zikapungua, kisha zikakatika. Mzee alipombana, kijana alilia kwenye simu. Ana laini tatu, kila laini ina deni la ovadrafti, na juu yake ana mkopo wa programu ya simu na deni la mtu. Jumla ya yote ni shilingi 1,340,000.

Mzee akaniuliza: "Sheikh, nataka kumlipia mwanangu lakini nachelea. Hizi wanazoziita ada, ni riba au si riba? Kama ni riba, nikimlipia si nami nitakuwa nimeingia? Na zaka yangu ya mwaka huu sijaitoa, ni kama laki sita. Yafaa nimpe yeye?"

Haya ni mas-ala matatu, na kila moja lina jawabu lake. Nilimwomba ruhusa niyajibu hapa bila ya kumtaja, naye akakubali, kwa sababu najua nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina kijana wa namna hii, awe Mwanza, Dar es Salaam au hapa hapa Darajani.

OVADRAFTI NI KITU GANI?

Asili yake ni ya benki. Mwenye akaunti anaruhusiwa kutoa fedha zaidi ya salio lake mpaka kiwango fulani, na benki inamhesabia riba kwa kile alichozidisha kwa siku zote anazokaa nacho. Zamani jambo hili lilikuwa la wafanyabiashara wakubwa wenye akaunti za hundi. Leo limeingia kwenye simu ya kila mtu. Wenzetu wa Kenya walianza na Fuliza mwaka 2019. Kwetu Tanzania watumiaji wa M-Pesa wana Songesha, na vijana wamelifanya neno hilo kuwa kitendo: "nimesongesha." Unataka kulipa shilingi 30,000, una 12,000 tu, mfumo unakuuliza kama unataka ukukamilishie. Unabonyeza, malipo yanapita.

Mambo matatu yanaitofautisha huduma hii na mkopo tunaoujua. La kwanza, haina mdhamini, haina karatasi, na haina haya. Hukai mbele ya mtu ukamwambia shida yako. La pili, kwa kawaida huja na ada. Masharti hutofautiana kati ya mtandao na mtandao, lakini mtindo unaojulikana ni ada ya kuanzia, kisha nyongeza kwa kila siku deni linapobaki. La tatu, inajilipa yenyewe. Fedha yoyote itakayoingia kwenye laini hukatwa kwanza deni, ndipo kinachobaki, kama kipo, kikawa chako.

Hili la tatu ndilo lililomwangusha kijana wetu, kama tutakavyoona.

KWA NINI VIJANA WA ZIWANI?

Mimi nilifika Mwanza na kukaa na vijana wetu pale Kirumba, na nilifahamu kitu ambacho mtu wa Zanzibar atakifahamu haraka. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta dagaa pale giza linapokuwa totoro. Mwezi ukipevuka na mbalamwezi ikawa kali, taa haina nguvu tena, mitumbwi hupandishwa pwani na wavuvi hupumzika. Wavuvi wetu wa dagaa wa Unguja nao huenda hivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba kila mwezi zipo siku za kipato na zipo siku za ukame, na ukame huo hauwahusu wavuvi peke yao. Mnunuzi, mbebaji, mwanamke anayeanika dagaa juani, kijana wa bodaboda anayewapeleka wateja sokoni, wote husimama pamoja na mtumbwi. Lakini kodi ya chumba haisimami, wala chakula. Hapo ndipo kijana anapobonyeza. Anajiambia, "Giza likirudi nitalipa." Na kweli giza hurudi, dagaa hushuka, lakini ada ya siku zote za mbalamwezi imeshahesabiwa. Mwezi wa mbinguni una siku zake za kupumzika. Ada ya deni haina.

Mvua nazo huongeza tabu. Dagaa wasiokauka vizuri huoza au bei yao huanguka, na mtaji uliokopwa hurudi nusu.

TUFANYE HESABU

Nitatoa mfano wa kukisia tu, si bei ya mtandao wowote. Tuseme kijana amechukua shilingi 50,000. Ada ya kuanzia ni 1,000, na kila siku huongezwa 300. Amekaa nalo siku 20. Ada za siku ni 6,000, ukijumlisha na ya kuanzia ni 7,000. Hiyo ni asilimia 14 ya alichokopa, ndani ya siku 20.

Mwezi wa pili anafanya hivyo tena, kwa sababu alipolipa 57,000 alibaki mtupu. Mwaka ukimalizika amelipa ada 84,000 kwa shilingi 50,000 zile zile, ambazo hakuwahi kuwa nazo kwa mwezi mzima. Mara moja ada ilionekana ni bei ya soda na maandazi. Kwa mwaka imekuwa kubwa kuliko mtaji wenyewe. Wazee walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Hapa matanga hayana arobaini.

Linganisha na hili: kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, kikomo kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania ni riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo yenyewe ni asilimia 42 kwa mwaka, na kwa sheria ya Allah ni riba tu. Lakini wako wanaopita hata hapo, ndio wale wananchi waliowapa jina la "kausha damu". Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila ya leseni. Baadhi ya programu za aina hii huchukua majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, kisha huwatumia jamaa na rafiki zake ujumbe wa kumdhalilisha. Anayekopa huko ameuza na sitara yake.

FEDHA YA AMANA ILIYOMEZWA

Nilimwambia yule mzee: kabla ya fatwa, mwambie kijana akae aandike kila deni, la nani na kiasi gani. Allah katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ametuamuru kuandika madeni. Kijana akaandika. Laini ya kwanza 180,000. Ya pili 240,000. Ya tatu 150,000. Programu ya mkopo 320,000. La mwisho, 450,000, za mfanyabiashara mmoja wa Unguja.

Hili la mwisho lilitokeaje? Yule mfanyabiashara alimtumia fedha amnunulie dagaa. Fedha ikaingia kwenye laini yenye deni, na mfumo ukakata chake kabla kijana hajashika simu. Kijana aliona haya kusema. Akasongesha laini ya pili ili kuziba pengo, kisha ya tatu, kisha akaingia kwenye programu. Kila shimo alilifukia kwa udongo wa shimo jengine. Mwishowe dagaa hawakutumwa kamili, na mteja akaanza kupiga simu zisizopokewa.

Ndugu zangu, hapa mas-ala yametoka kwenye riba na kuingia kwenye amana. Aliyetumwa kununua ni wakili, na mali iliyo mkononi mwake ni amana. Wakili hadhamini mali ikipotea bila ya uzembe wake, lakini anayepokea mali ya mtu kwenye laini anayoijua ina deni, na anajua mfumo utakata, huyo amezembea, na ni juu yake kulipa. Hawezi kusema "si mimi niliyekata, ni simu." Deni lilikuwa lake, na limelipwa kwa mali ya mwenzake.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Al-Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya Swala yake. Alipoulizwa sababu ya kukithirisha kujikinga nalo, alieleza kuwa mtu akielemewa na deni huwa akizungumza anasema uongo, na akiahidi hatimizi. Kijana huyu hakuwa mwongo. Amelelewa vizuri, amehitimu juzuu zake. Deni ndilo lililomfundisha kutopokea simu.

JAWABU LA KWANZA: JE, ADA HII NI RIBA?

Kukopesha katika Uislamu ni jambo la ihsani. Unampa mwenzako 50,000, anakurejeshea 50,000. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba ziada yoyote iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iwe kubwa au ndogo, na jina lake halibadilishi kitu. Ukiita ada, tozo, gharama au asante, kinachoangaliwa ni uhakika wake.

Wapo wanaosema, "Lakini mtandao una mitambo na wafanyakazi, si haki walipwe?" Suali hili si jipya. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ililijadili katika kikao chake cha Amman, Oktoba 1986. Ikaamua kwamba mkopeshaji anaweza kuchukua gharama halisi za huduma ya mkopo, na kinachozidi gharama hizo halisi ni riba iliyoharamishwa. Hiki ni kipimo kizuri, nacho kinatupa njia ya kupambanua.

Ada ya mara moja, isiyobadilika kwa ukubwa wa mkopo wala kwa urefu wa muda, na iliyo sawa na gharama halisi ya kuupitisha, hiyo ina nafasi ya kuruhusiwa. Lakini ada inayoongezeka kila siku si gharama ya huduma. Mtambo haufanyi kazi mpya kila usiku kwa sababu wewe hujalipa. Unachotozwa hapo ni muda, na kulipia muda wa deni ndiyo riba ya nasia waliyoijua Waarabu wa ujahili: ama ulipe, ama uongeze. Vile vile ada inayopanda kwa kadiri ya kiasi ulichokopa haifanani na gharama, kwani kupitisha 5,000 na kupitisha 50,000 ni kazi moja.

Kwa hiyo jawabu ni kwamba ovadrafti yenye nyongeza ya kila siku au ya asilimia ni mkopo wa riba, na haijuzu kwa Muislamu kuiingia kwa hiari yake. Allah katika aya za 278 na 279 za Suratul Baqara amewaamuru waumini waache riba iliyobakia, na akatangaza vita kwa asiyeacha. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Muslim, laana imewagusa mlaji wa riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili.

Mwenye dharura ya kweli, kwa mfano mgonjwa anayehitaji dawa usiku huu na hana ndugu wala jirani wa kumkopesha, dharura ina hukumu yake na hupimwa kwa kadiri yake. Lakini bando la intaneti, kiatu na mchango wa harusi si dharura.

JAWABU LA PILI: JE, NIKIMLIPIA NAMI NIMEINGIA?

Hapana. Kuingia kwenye riba ni jambo moja, na kumtoa aliyeingia ni jambo jengine. Anayemvuta mtu kutoka kisimani haambiwi ameanguka naye.

Mkopo wenyewe, yaani kile alichochukua, ni haki ya mdai na ni lazima kulipwa, hata kama mkataba ulikuwa na sharti la haramu. Nasema hili kwa sababu nimewasikia vijana wakisema, "Hawa ni wala riba, tusiwalipe, tutupe laini." Huo ni udanganyifu juu ya dhambi. Mali uliyokula ni ya mwenyewe.

Ama ile ziada, kisheria ya dini si haki ya mkopeshaji. Mkopaji ajaribu kuomba isamehewe. Akikataliwa, na kutolipa kutamletea madhara au ziada nyengine, basi atalipa huku akichukia, akitubu, na akinuia kutorejea. Kuilipa upesi ili isizidi ni bora kuliko kuiacha ikue.

Na mzee asidharau jambo la kumlipia. Swahaba Abu Qatada (r.a.) alilichukua deni la maiti aliyekuwa hajaswaliwa na Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya deni lake, ndipo Mtume akamswalia. Hadithi hii iko katika Sahihi ya Al-Bukhari. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Ikiwa shahidi anangojwa na deni lake, sisi wengine tuna hali gani?

JAWABU LA TATU: JE, ZAKA YAFAA?

Katika aya ya 60 ya Suratut Tawba wametajwa watu wanane wanaostahiki zaka, na mmoja wao ni mwenye kuelemewa na madeni. Imam An-Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha madrasani kwetu, ameeleza kwamba aliyekopa kwa haja yake isiyo ya maasi hupewa, akiwa hana cha kulipia. Na aliyekopa katika maasi, kauli yenye nguvu ni kuwa hupewa akitubu. Kijana huyu alikopa kwa kodi na mtaji, ingawa kwa mkataba wa haramu. Ametubu, na deni limefika muda wake. Anaingia.

Je, baba anaweza kumpa mwanawe? Kwa fungu la mafukara, baba hampi zaka mwana ambaye ni wajibu wake kumlisha, kwa kuwa atakuwa anajiondolea mzigo wake mwenyewe. Lakini kwa fungu la wenye madeni, wanavyuoni wa Kishafi wamejuzisha, akiwemo An-Nawawi katika Al-Majmuu, kwa sababu kumlipia mwana deni si wajibu wa baba.

Limebaki la umbali. Kauli mashuhuri ya madhhab yetu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji mmoja kwenda mwengine. Hata hivyo Ibn Ujayl, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa Yemen, alitoa fatwa ya kuruhusu kuihamisha, na wengi wa masheikh waliokuja baadaye wameifuata. Nasi tunaifuata panapokuwa na haja na jamaa wa karibu mwenye shida.

Basi nilimshauri mzee hivi. Katika laki sita za zaka, 450,000 azielekeze kwenye deni la mfanyabiashara wa Unguja. Hilo ni deni safi, halina chembe ya riba, na mdai ni binadamu aliyedhulumika. Kwa idhini ya mwanawe anaweza kumlipa mdai moja kwa moja. Zilizobaki 150,000 ziende kwenye asili ya mikopo ya simu. Zile ada na nyongeza zisilipwe kwa zaka. Hizo kijana azilipe kwa jasho lake, au baba amsaidie kwa mali yake nyengine. Na aliyonayo ya kazi, kama mizani na magunia, halazimishwi kuyauza. Akiuza mizani, atapata wapi chakula?

KWA KIJANA: NJIA YA KUTOKA

Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa. Lakini kulipa kuna mpangilio.

Kwanza, funga mlango. Omba kuondolewa kwenye huduma ya ovadrafti, na ufute programu za mikopo baada ya kuzilipa. Toba yenye mlango wazi haikai.

Pili, mwambie ukweli mwenye amana, leo, kabla hujalipa hata shilingi. Umweleze nini kilitokea na lini utamlipa. Akikupa muhula, utaanza na madeni yanayoongezeka kila siku. Akikataa muhula, yeye anatangulia.

Tatu, usipokee tena fedha ya mtu kwenye laini yenye deni. Uwe na laini moja ya biashara isiyo na ovadrafti, na fedha ya mteja isikae hapo ila mpaka dagaa wanunuliwe.

Nne, usikope kulipa mkopo. Hapa ndipo walipozama wengi.

Tano, lipa deni dogo linaloongezeka upesi kwanza, ulimalize, uende jengine. Katika siku za giza, dagaa wanaposhuka, weka kando chakula na kodi ya siku za mbalamwezi kabla hujafanya jambo lolote. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaokoa watu wa Misri kwa kuweka akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Wewe una neema na ukame kila mwezi.

Sita, omba kupunguziwa. Kaab bin Malik (r.a.) alipomdai mwenzake msikitini mpaka sauti zikapanda, Mtume (s.a.w.) alimwashiria apunguze nusu, naye akapunguza. Kisha mdaiwa akaamrishwa anyanyuke alipe. Angalia yote mawili: mdai alisamehe, na mdaiwa alilipa hapo hapo. Na ukidhulumiwa na mtoa huduma, mpelekee yeye malalamiko kwanza kwa maandishi. Asipokutatulia, Benki Kuu hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha.

Saba, nia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kwa riwaya ya Abu Hurayra (r.a.) kwa Al-Bukhari, kwamba achukuaye mali za watu akinuia kuzilipa, Allah humsaidia kuzilipa, na achukuaye akinuia kuziharibu, Allah humharibu.

KWA SISI WAZAZI

Tusimtupie kijana lawama yote. Nilimuuliza mzee: "Mwanao alikuwa akikutumia kiasi gani?" Akasema laki moja kila mwezi, na Ramadhani zaidi. "Ulipata kumuuliza zinatoka wapi?" Akanyamaza. Baadaye kijana alikiri kwamba mara tatu zile laki zilikuwa za kusongesha. Aliona haya kumwambia baba yake kuwa mwezi ulikuwa mbaya.

Mzazi anayekula fedha ya riba bila ya kujua hana dhambi. Lakini sasa tumejua. Tuwaambie watoto wetu kwa ulimi wetu: "Mwanangu, ukipata tuma, usipopata nipigie tu nisikie sauti yako." Neno hili moja lingemwokoa na laini mbili.

Kisha tusiwabebeshe michango ya harusi na sherehe kuliko uwezo wao. Na wadai miongoni mwetu wakumbuke aya ya 280 ya Suratul Baqara: mdaiwa mwenye dhiki hupewa muhula mpaka afarijike, na kumsamehe ni kheri zaidi.

KUNA NJIA NYENGINE?

Ipo, alhamdulillah. Benki ya Amana ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, na ina tawi Mwanza. Hapa kwetu PBZ ina huduma za Kiislamu tangu mwaka huo huo, na CRDB ilianzisha Al Barakah mwaka 2021. Benki hizi hufanya biashara ya murabaha, yaani hukununulia bidhaa na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, isiyoongezeka ukichelewa. Hazitamfaa kila kijana mwenye mtaji wa laki mbili, lakini aulize asikie.

Kwa mfanyabiashara wa dagaa, fiqhi ina mkataba wa salam. Mnunuzi wa Unguja analipa fedha yote leo, na kijana anadaiwa dagaa wa sifa, uzito na tarehe inayojulikana. Hapo fedha ni yake, si amana, na mtaji ameupata bila ya kukopa. Sharti ni kutaja kila kitu kwa uwazi na kutofungia kwa mtumbwi maalumu, ili asipopata kwa huyu anunue kwa yule.

Na misikiti yetu ianzishe mifuko ya mkopo mwema. Vijana ishirini wakiweka shilingi 5,000 kwa mwezi, wana 100,000 ya kumwazima mmoja wao siku za mbalamwezi, arejeshe 100,000 bila ya ziada. Hili halihitaji leseni ya benki. Linahitaji daftari, watu wawili waaminifu, na kumuogopa Allah.

Tulijifunza kitu Mwanza kuhusu nguvu ya kusema. Siku ya Mei Mosi 2021, katika uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia alitangaza kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu, baada ya wafanyakazi kuilalamikia kwa muda mrefu. Nyongeza juu ya deni si amri isiyoondoka. Tukidai huduma za simu zisizo na nyongeza ya kila siku, kwa adabu na kwa wingi wetu, Insha Allah tutasikilizwa.

Yule mfanyabiashara wa Unguja ameshalipwa. Alipoambiwa kisa chote alisamehe 50,000, nazo mzee amezielekeza kwenye asili ya deni la laini ya pili. Kijana bado anadaiwa, lakini anapokea simu. Wiki iliyopita alimpigia baba yake siku ya mbalamwezi, hakuwa na fedha ya kutuma, wakazungumza nusu saa.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako, walipie wenye madeni miongoni mwetu, na uwarejeshe vijana wetu walioko mbali wakiwa salama katika dini yao na heshima yao. Amin.

Wallahu Aalam.